Utafiti wa moyo uanzie inapoandikwa rufaa

Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo na hospitali zinazofundisha ubingwa bobezi wa magonjwa ya moyo nchini Tanzania, kwa wasimamizi wa tasnifu, na kwa madaktari walio mafunzoni

Waheshimiwa wakuu, walimu wetu na ndugu wanataaluma,

 

Mimi si bingwa wa moyo. Ni daktari wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya mkoa, Kanda ya Ziwa, na kinachoniunganisha nanyi mara nyingi ni karatasi ya rufaa. Naandika umri, dalili, dawa alizotumia mgonjwa na kile ninachokisikia kifuani kwake. Ndugu zake wanauliza nauli ya Dar es Salaam ni kiasi gani na watalala wapi. Wengine wanaondoka na karatasi, hawafiki kwenu, na kwangu hawarudi. Naandika hadharani kwa sababu haya nimeyasema kwenye vikao vya kitaaluma, nikajibiwa kwamba ni hoja nzuri, tukaenda kunywa chai.

Shauri langu ni moja. Maswali ya utafiti wanayopewa, au wanayojichagulia, madaktari walio kwenye mafunzo ya ubingwa bobezi wa moyo hayatoki pale ugonjwa unapoanzia wala pale mgonjwa anapopotea. Yanatoka pale ambapo kuhesabu ni rahisi. Utaratibu huo mmeuweka ninyi, na ninyi ndio wenye uwezo wa kuubadilisha.

Sisemi kwamba hakuna kilichofanyika. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikaanzishwa mwaka 2015. Leo wapo watu wanaotibiwa Dar es Salaam ambao zamani wangesubiri safari ya India, na tiba mkoba imewafikisha mabingwa mikoani. Mikono ya vijana wetu mmeifundisha vizuri. Ninalolalamikia ni maswali yao, nami nitayapanga malalamiko yangu kwa namba ili yajibiwe kwa namba.

1. Tasnifu zinawahesabu waliofika.

Nikisoma vichwa vya tasnifu za moyo, naweza kuvitunga mwenyewe: ukubwa wa tatizo fulani na mambo yanayohusiana nalo miongoni mwa wagonjwa wanaohudhuria hospitali fulani. Mara nyingi hospitali hiyo ni ileile anayofanyia zamu mwandishi. Mgonjwa aliyekosa nauli hayumo. Mama aliyekata roho kwenye gari kabla ya kufika Morogoro hayumo. Kijana aliyetibiwa pumu kwa miaka, kumbe valvu yake imebana, hayumo. Ukimhesabu aliyefika peke yake, umewahesabu wenye bahati, kisha unatuletea jibu kama ndilo la nchi nzima.

Tunao mfano hapa nyumbani wa tofauti inayopatikana mtu akitafuta asichoonyeshwa. Katika idara ya dharura ya hospitali ya KCMC, Moshi, watafiti waliwapima kwa makusudi watu wazima waliofika na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Walikuta shambulio la moyo kwa watu ambao huduma ya kawaida haikuwa imewatambua. Kama wangehesabu mafaili yaliyokwisha kuandikwa "shambulio la moyo", wangehitimisha kwamba ugonjwa huo kwetu ni nadra.

2. Tumezoea kutibu kwa majibu ya maswali ya wengine.

Dawa mpya za kuzuia damu kuganda zilipoenea, ilionekana dhahiri kwamba ni suala la muda tu wafarini, dawa ya zamani, ikae pembeni. Dawa hizo mpya hazihitaji kipimo cha kuganda kwa damu kila mara, na kwa mgonjwa wa kijijini zingekuwa neema. Kisha swali likaulizwa kwa wagonjwa wa aina yetu, wenye valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Utafiti wa INVICTUS ulihusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, na majibu yakatoka mwaka 2022. Waliotumia dawa za kundi la wafarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani, na hawakutokwa damu zaidi. Tungefuata mantiki ya vitabu vya wenzetu, tungewaua watu kwa nia njema.

Hata presha, ugonjwa tunaodhani tunaujua, ilisubiri hadi mwaka 2019 ndipo utafiti wa CREOLE ukawauliza wagonjwa 728 katika nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, ni dawa zipi mbili zianzwe pamoja. Mchanganyiko wenye amlodipini ulishusha presha vizuri zaidi kuliko ule usio nayo. Daktari wa kituo cha afya anaweza kulitumia jibu hilo kesho asubuhi. Ni maswali mangapi ya namna hiyo yamo kwenye orodha zenu za mada za mwaka huu?

3. Wagonjwa wetu ni vijana, wengi ni wanawake, na mada zenu hazionyeshi hivyo.

Utafiti wa REMEDY, uliochapishwa mwaka 2015, uliwafuatilia wagonjwa 3,343 wa ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi, wengi wao wa Afrika. Nusu yao walikuwa na umri wa miaka 28 au chini ya hapo, na theluthi mbili walikuwa wanawake. Kati ya wanawake walio kwenye umri wa kuzaa, waliotumia uzazi wa mpango walikuwa asilimia 3.6 tu. Kati ya waliopewa dawa za kuzuia damu kuganda, ni asilimia 28 hivi ambao damu yao ilikuwa kwenye kiwango kinachotakiwa.

Namba hizo kwangu zina sura. Binti wa miaka 24 aliyewekewa valvu ya chuma anarudi mkoani na wafarini. Anaolewa, anataka mtoto. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kuiacha kunaweza kuigandisha valvu. Nani anamfuatilia, kwa kipimo kipi, katika wilaya ambayo mashine ya kupima kuganda kwa damu haipo au haina vitendanishi? Na mama anayejifungua salama, kisha ndani ya miezi michache anavimba miguu na kushindwa kulala chali kwa sababu moyo umelegea, nani anamkuta mapema kliniki ya watoto, akiwa amepakata kichanga? Hayo ni maswali ya moyo, na hayamhitaji mtafiti mwenye mtambo wa mabilioni.

4. Sindano ya penisilini tumeachiwa sisi na hofu yetu.

Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu homa ya baridi yabisi na ugonjwa wake wa moyo. Kinga yake inajulikana: koo la mtoto litibiwe mapema, na aliyekwisha kuathirika achomwe benzathini penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka. Kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwapima zaidi ya watoto 100,000, wakawatafuta wenye dalili za mwanzo ambazo mzazi hawezi kuziona. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Dkt. Emmy Okello wa Taasisi ya Moyo ya Uganda. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano, na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa.

Ni jibu zuri mno, na linazaa maswali kumi. Nani atawapima watoto wa shule za visiwani Ukerewe? Wauguzi wamekwisha kuthibitisha kwamba wakifundishwa wanaweza kutumia kipimo cha moyo cha mkononi. Je, kwetu watapewa nafasi hiyo? Mtoto akigunduliwa, sindano ya miaka yote hiyo itamfikia vipi wakati wa likizo, wakati wa mavuno, na familia inapohama kufuata samaki?

Halafu kuna jambo ambalo linazungumzwa chini chini kwenye vyumba vya sindano. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tahadhari kwamba baadhi ya vifo baada ya sindano hii, kwa wagonjwa ambao valvu zao zimeharibika sana, huenda vinatokana na moyo wenyewe kuzidiwa, wala si mzio. Kikashauri wagonjwa wa aina hiyo wafikiriwe vidonge. Muuguzi wangu hajui chochote kuhusu tahadhari hiyo. Anachojua ni kwamba aliwahi kusikia mtu amekufa baada ya kuchomwa, kwa hiyo anaiogopa sindano kwa kila mtu, na mtoto ambaye ingemwokoa anarudishwa nyumbani. Daktari mmoja tu wa mafunzo akikaa vituo vya wilaya mbili, akauliza nani anachoma, nani anakataa na kwa nini, angetusaidia kuliko tasnifu nyingi zilizojaa kabatini.

5. Utafiti unahitimu pamoja na mwenyewe.

Kila mwaka kundi jipya linaanza upya. Dodoso jipya, kibali kipya, wagonjwa wapya, na baada ya mahafali takwimu zinabaki kwenye kompyuta mpakato ya mhitimu. Anayefuata hazirithi. Matokeo yake tuna picha nyingi za siku moja, na hatumjui mgonjwa aliyefuatiliwa miaka mitano.

Mwaka 1948, pale Kampala, J.N.P. Davies alieleza ugonjwa wa moyo ambao utando wake wa ndani unageuka kovu gumu. Ugonjwa huo ulikuja kufungamanishwa na ukanda wetu huu wa Afrika, na chanzo chake hakijathibitishwa mpaka leo. Swali la aina hiyo halimalizwi na mtu mmoja ndani ya mafunzo ya miaka michache. Linamalizwa na daftari moja la wagonjwa linalopokezanwa.

Kwamba kazi ya kuwafuatilia wagonjwa inawezekana hapa, tunalo thibitisho. Utafiti wa TaHeF uliwafuatilia wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi pale Muhimbili, ukachapishwa mwaka 2014. Ulionyesha kwamba presha ndiyo chanzo kinachoongoza, kwa karibu nusu yao. Hilo ni jibu linalomwambia Waziri wa Fedha mahali pa kuweka shilingi.

6. Mnakuja, mnachukua, hatuyaoni majibu.

Tumewahi kumpokea daktari wa mafunzo, tukamtafutia chumba, tukamwitia wagonjwa, wauguzi wakakaa naye hadi jioni. Aliondoka na fomu zake. Matokeo hatukuyaona, na wagonjwa waliokutwa na tatizo hawakupata tarehe ya kurudi. Walisema wahenga, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye utafiti wa moyo mgeni amekuja, na mwenyeji bado anaumwa.

Uchungu ni uleule pale washirika kutoka ng'ambo wanapoleta swali lililokwisha kuandikwa, fedha zilizokwisha kugawanywa na mpangilio wa majina uliokwisha kuamuliwa. Kijana wetu anabaki kuwa mkusanya sampuli. Ushirikiano nautaka. Nisichotaka ni ushirikiano ambao sisi tunatoa damu na wao wanatoa mawazo.

7. Mnadai utafiti, lakini hamuupi muda.

Daktari huyohuyo anapitia wodi asubuhi, anafanya vipimo vya moyo mchana, anakuwa zamu usiku, halafu anaulizwa mbona pendekezo la utafiti limechelewa. Atafanya nini zaidi ya kuchagua swali linalojibiwa na mafaili yaliyo chumba cha pili? Simlaumu. Mtu aliyechoka huchukua njia fupi, na njia hiyo mmemchongea ninyi.

Najua pingamizi litakalokuja. Mtasema nchi ina uhaba wa mabingwa, kwamba kijana huyu amekuja kujifunza kuweka stenti na betri ya moyo, na kwamba utafiti ni anasa. Nawajibu kwa mfano wa Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town, aliyefariki mwaka 2018. Pamoja na wenzake walichukua swali ambalo kila daktari wa wodi za Afrika amewahi kujiuliza usiku: mgonjwa mwenye kifua kikuu cha utando wa moyo, nimpe prednisoloni au nisimpe? Wakawauliza wagonjwa 1,400 katika nchi nane za Afrika, na mwaka 2014 majibu yakatoka. Kwa ujumla dawa haikupunguza matukio makubwa waliyokuwa wakiyapima kwa pamoja, vifo vikiwemo. Ilipunguza utando kukakamaa na kuubana moyo, lakini kwa wenye VVU iliongeza saratani. Sasa najua nani nimpe kwa tahadhari na nani nisimpe. Huo ndio utafiti ambao daktari wa mkoani anauita tiba.

Kwa hiyo naomba, tena kwa msisitizo, yafuatayo:

(a) Kabla ya mwaka ujao wa masomo kuanza, vyuo na hospitali zinazofundisha zitangaze kwa pamoja orodha ya maswali ya kipaumbele ya moyo. Hospitali za mikoa na wilaya zialikwe kuyapendekeza, na orodha iwekwe wazi ili kila mtu aone nani amechukua lipi.

(b) Kila daktari wa mafunzo apewe siku moja kila wiki isiyoguswa na zamu wala kliniki, na siku hiyo iandikwe kwenye ratiba ya idara. Ikibaki ahadi ya mdomo, itamezwa na wodi mwezi wa kwanza.

(c) Lianzishwe daftari la kitaifa la wagonjwa wa baridi yabisi ya moyo na la moyo kushindwa kufanya kazi, lenye msimamizi wa kudumu. Kila kundi lirithi kazi ya waliotangulia, na kila mhitimu awe na kipande chake chenye jina lake.

(d) Sehemu ya mafunzo ifanyike nje ya hospitali kubwa, kwa miezi si siku, na daktari wa mkoa husika awe msimamizi mwenza wa tasnifu.

(e) Ufadhili wa masomo ya ubingwa bobezi uwe na fungu la utafiti linalojitegemea, ili kijana asilazimike kulipia nauli za wagonjwa wake kutoka mfukoni wala kuliuza swali lake kwa mwenye ruzuku.

(f) Mtu asihitimu kabla ya kurudisha matokeo mahali alipoyachukua: ukurasa mmoja wa Kiswahili, na kikao kimoja na wahudumu wa kituo. Mgonjwa aliyekutwa na tatizo wakati wa utafiti awe na rufaa mkononi kabla mtafiti hajafunga mkoba.

(g) Mikataba na washirika wa nje iseme tangu mwanzo nani ameliuliza swali, takwimu zitatunzwa wapi, na jina la nani litatangulia.

Na ninyi wadogo zangu mlio mafunzoni, sikuwasahau. Mnapoandika mambo mnayopenda kuyatafiti, wengi mnaandika mishipa ya moyo, umeme wa moyo, picha za moyo. Yapendeni, tutahitaji mikono yenu huko. Lakini kabla hamjaandika pendekezo, pigeni simu hospitali mlikofanyia mazoezi ya kazi, mmuulize muuguzi wa wodi ya wanawake ni mgonjwa yupi wa moyo anayemshinda. Swali atakalowapa litakuwa na wagonjwa wa kutosha, na jibu lake litasomwa na zaidi ya wasahihishaji watatu.

Gharama ya kunyamaza inajulikana. Katika utafiti wa THESUS-HF uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi walikuwa na wastani wa umri wa miaka 52, na karibu asilimia 18 walikufa ndani ya miezi sita. Huo ni umri wa mtu anayesomesha. Anapokufa, mtoto wa kidato cha tatu anarudi nyumbani kulima, na hakuna mtambo wa Dar es Salaam utakaomrudisha shuleni.

Sitarajii mkubali kila kipengele. Natarajia majibu, hadharani kama nilivyoandika, yakionyesha mnachokikubali, mnachokikataa na sababu zenu, kabla dirisha la maombi ya mwaka ujao halijafunguliwa. Kwa upande wetu sisi wa mikoani tuko tayari kuanza hata kesho: chumba kipo, wagonjwa wapo, na orodha yangu ya maswali nimekwisha kuiandika. Nitumieni daktari mmoja, kwa miezi sita, mwenye siku yake moja ya utafiti kila wiki. Msimamizi mwenza wa huku hatawagharimu kitu.

Wenu katika taaluma,

Daktari wa magonjwa ya ndani
Hospitali ya rufaa ya mkoa, Kanda ya Ziwa